Mwezi wa Fundi Lukeba

Jumatatu, 29 Januari 1962

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua daftari jipya kwa sababu leo nimepata kitu cha kuandikwa, na mke wangu Biasha amechoka kunisikiliza.

Mbelgiji aliyekuwa akipima barabara ya Nyanza-Lac anarudi kwao. Wengi wao wanafunga masanduku, uhuru uko njiani. Amekuja dukani kuniaga, maana miwani yake mimi ndiye niliyekuwa nikiitengeneza. Akaniwekea mezani bomba la shaba na miguu yake mitatu ya mbao. Darubini! Ilikuwa ya babu yake, akasema, na sandukuni haiingii.

Nimeifuta ukungu taratibu. Ubavuni kuna maandishi membamba: Casimir Wauthoz, Namur, 1867. Miaka tisini na mitano! Marehemu babu yangu alikuwa bado hajatoka Manyema, na huyu mtu alikuwa amekwisha kuikata shaba hii, na mpaka leo mirija yake inaingiana bila sauti. Mimi ni fundi wa miwani na saa, mwaka wa ishirini na tatu huu hapa Rumonge. Kazi nilijifunza Usumbura kwa Mgiriki mmoja mkali kama pilipili. Sijapata kuona mkono kama huu. Nimeona wivu, nasema wazi.

Biasha kaja na sahani: "Lukeba, iko chakula, ama utakula hiyo shaba?"

Jumatano, 31 Januari

Nimeifungua yote, nimesafisha vioo kwa kitambaa cha hariri. Kioo cha mbele kizima kabisa. Kile kidogo cha upande wa jicho kinacheza ndani ya pete yake: ukitikisa bomba unasikia tik, tik. Mzee Casimir, hapo ulichoka. Au ilikuwa Jumamosi jioni na mke amekuita.

Pete hiyo ina meno mawili madogo mno, sina chombo cha kuikaza. Itabidi nichonge.

Ijumaa, 2 Februari

Bakari kapita mbele ya duka, hakunisalimia.

Bakari ni mvuvi, tena ni somo yangu, mwenzangu wa jandoni. Tuliumwa siku moja, tukalia siku moja. Mji mzima unajua macho yake. Mwaka wa kumi huu, mwezi wa Ramadhani ukiandama, yeye ndiye wa kwanza kuunyoshea kidole. Nafikiri amesikia habari za bomba, na roho inamuuma.

Jumatatu, 5 Februari

Leo ilikuwa ishirini na tisa Shabani. Jioni tumeteremka ufukoni mwa ziwa, wanaume kama arobaini, na mimi na darubini yangu begani. Ng'ambo, juu ya milima ya Kongo, mawingu yamejaa tele. Bakari alikuwa amesimama peke yake kwenye mchanga, mikono nyuma. Tumemuuliza mara tatu. Akasema, "Wingu."

Nami nikalielekeza bomba kwenye upenyo mmoja mdogo uliobaki, nikangoja. Nikauona! Uzi mweupe umelala chali. Nikamwita Shehe Hadji, imamu wetu, naye akauona, akasema Allahu akbar mpaka ndege wakaruka.

Mwalimu Asmani wa chuo cha Kurani hakupendezwa. "Tumeambiwa tufunge tukiuona," akasema. "Hatukuambiwa tukiuchungulia."

"Kwani weye, Mwalimu," Shehe akamjibu, "hiyo miwani puani, Kurani unaisomea macho ya nani?"

Watu wamecheka, Mwalimu naye kacheka nusu. Miwani yenyewe nilimkatia mimi.

Jumanne, 6 Februari

Ramadhani mosi. Jioni mbingu zimetakata, mwezi kila mtu kauona bila bomba, umekaa pale pale nilipousema. Watoto wananiita Fundi wa Mwezi. Nimewakemea, lakini si sana.

Jumamosi, 10 Februari

Mvua. Mikono ya miwani miwili, saa moja. Kiu.

Jumatano, 14 Februari

Bakari kanipita tena sokoni, bega kwa bega, kimya. Nimemwambia Biasha: mtu mzima, kwa kununa ni kama bibi harusi. Biasha kasema, "Si umusalimie weye?" Kwa nini mimi? Nani aliyemkosea mwenzake?

Jumapili, 18 Februari

Zuwena, mke wa Bakari, alikuja dukani. "Amahoro, fundi." Nikamwitikia. Akashika miwani moja ya mezani, akaigeuza, akairudisha. Nikamuuliza anatafuta nini. "Hapana, naangalia tu. Murakoze." Akashukuru hivyo kwa Kirundi, akaenda zake. Nadhani alitumwa kupeleleza darubini iko wapi.

Ijumaa, 23 Februari

Baada ya sala Mwalimu Asmani na Shehe Hadji wamebishana tena habari ya bomba. Shehe amesema mbele ya watu wote: "Miye namuamini Lukeba. Akisema ameona, ameona." Nilitazama chini kwa adabu, lakini moyo ulijaa.

Jumanne, 27 Februari

Mvua, na wakulima wa michikichi kutoka milimani Kizuka wamekuja kuchungulia bomba. Kila mmoja kaangalia mlima wake mwenyewe.

Jumanne, 6 Machi

Naandika baada ya futari, mkono bado una furaha.

Leo ishirini na tisa Ramadhani. Mchana nimemaliza chombo changu, nilichokichonga wiki tatu kwenye wembe wa zamani. Kinaingia kwenye meno ya ile pete barabara. Nimekaza. Tik imekwisha. Nikaongeza robo mzunguko ili roho itulie, nikasikia mlio mdogo kama punje ya chumvi chini ya jino. Nikatikisa: kimya kabisa. Nikasema, Mzee Casimir, nimekumalizia kazi yako. Wakati wa kujaribu haukuwepo, adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha pita na watu wanateremka ziwani.

Mawingu tena, ila magharibi palikuwa na uwazi mwekundu upana wa mkeka. Jua likazama. Nikaweka jicho, na mwezi ulikuwa umeningoja. Mwembamba, mweupe, umelala chali chini kidogo ya katikati. Niliogopa kuligusa bomba nisije nikaupoteza. Nikapiga kelele: "Huu hapa!"

Kufungua ni mambo mengine, si kama kufunga. Wanatakiwa mashahidi wawili. Watu wakaita Bakari, Bakari. Akaja polepole. Nilimpisha, kwa shingo upande, naandika ukweli. Akainama, akakaa pale muda mrefu.

"Unauona?" nikamuuliza.

"Naona," akasema.

Shehe Hadji hakutaka hata kuchungulia. "Lukeba kasema, Bakari kasema. Kesho Idi." Vigelegele vimeanzia ufukoni vikapanda mpaka juu ya soko. Mwalimu Asmani peke yake alibaki akitazama magharibi kwa macho yake mawili, kisha naye akaenda nyumbani.

Jumatano, 7 Machi. Idi

Ya Rabi. Sijui nianze wapi.

Asubuhi ilikuwa njema. Tumesali, tumekula, mugebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese na wali, watoto wana nguo mpya. Nimepewa mikono na watu wasiohesabika. Jioni, nimeshiba, nikaitoa darubini niwaonyeshe shemeji zangu mwezi wa siku ya pili.

Mwezi ulikuwa umetoka, kila mtu anauona. Mwembamba! Umeinama chini kabisa, karibu kugusa milima. Nikasema moyoni, mbona mdogo hivi? Nikaweka jicho.

Ilikuwepo miezi miwili.

Mmoja juu, una rangi ya maziwa. Wa pili chini yake, umelala chali, mweupe zaidi. Nikalisogeza bomba kushoto kidogo. Ule wa juu ukabaki mbinguni, ukatoka pembeni. Ule wa chini ukanifuata. Nikasogeza kulia, ukanifuata. Nikainamisha bomba ziwani, ukakaa juu ya maji.

Shemeji kasema, "Tupishe nasi tuone." Nikamwambia kioo kimeingia mvuke. Huo ni uongo wa kwanza.

Alhamisi, 8 Machi

Saa mbili asubuhi nimelielekeza bomba Kizuka, juani. Mwezi umesimama juu ya michikichi.

Nimefungua pete. Ukingoni mwa kile kioo kidogo kumebanduka ganda jembamba, la kupinda, si kubwa kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Ni ile robo mzunguko. Ni ule mlio wa chumvi. Mgiriki alinipiga kofi mwaka wa kwanza kwa kosa hili hili: shaba na kioo havipokei joto sawa, kioo lazima kiachiwe pumzi. Mzee Casimir hakuchoka, wala mkewe hakumuita. Aliacha nafasi ile kwa makusudi, na miaka tisini na mitano kioo chake kimekuwa salama, mpaka kilipofika mikononi mwa mjinga wa Rumonge aliyetaka kumsahihisha.

Mji mzima umekula siku ya Ramadhani kwa ulimi wangu. Wazee, wagonjwa waliojikaza mwezi mzima, Biasha wangu. Kila mmoja ana deni la siku moja kwa Mungu na hajui.

Adhuhuri imefika kamio ya mizigo kutoka kusini. Dereva kasema Nyanza-Lac na Ujiji wamesali Idi leo. Watu wakakimbilia kwa Shehe Hadji. Akawatuliza: "Kila mji na mwezi wake. Sisi tuna mashahidi wawili." Akanitazama, akatabasamu. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Sikusema. Nimemwambia Biasha peke yake.

Alikuwa akipepeta mchele. "Na ukikaa kimya?"

"Hakuna atakayejua."

"Weye utajua, na miye nimeshajua. Tutakula vipi sahani moja?"

"Nikisema, nani tena ataniletea macho yake? Duka limekwisha, Biasha."

"Basi tutauza majani ya sombe," akasema, akaendelea na mchele wake.

Alasiri nikaenda kwa Bakari. Nikisema yangu, naye anaumbuka. Haki yake kujua kwanza. Nilimkuta anashona nyavu, uzi karibu na pua. Nikamweleza yote, ganda, pete, miezi miwili. Nilitegemea atanitukana.

"Miye niliona," akasema bila kuinua uso.

"Ulichoona ni ganda, Bakari. Umelala chini, sivyo? Chini ya katikati?"

"Ulikuwa juu. Juu kabisa."

"Juu?"

"Lukeba, nimesema niliona! Nenda na bomba lako!" Sauti ilimpasuka. Zuwena alikuwa mlangoni, amefunika mdomo na kanga. Nikaondoka. Juu hapakuwa na kitu. Tangu nitoke pale nawaza neno hilo moja.

Ijumaa, 9 Machi

Baada ya sala nikasimama. Nikasema, "Ndugu zangu, mwezi wa Jumanne haukuwa mwezi." Nikawaonyesha kile kioo kwenye kiganja. Nikasema nilikaza pete kupita kiasi, nikavunja, nikaapa bila kulijaribu bomba kwanza, na juzi nimejua na jana nimenyamaza. Nikasema Shehe hana kosa, kosa lake ni kuniamini.

Mvua tu ilisikika juu ya mabati. Kisha minong'ono. Mmoja nyuma akasema kwa nguvu, "Fundi wa Mwezi!" na wengine wakacheka, kicheko kibaya. Shehe Hadji alikuwa amekaa, macho chini. Kumuona vile kuliniuma kuliko kicheko.

Mwalimu Asmani akasema, si kwa ukali, "Walikuwepo mashahidi wawili. Bakari naye aliona hilo ganda?"

Nikasema haraka, "Naye alichungulia bomba hilo hilo. Mtu yeyote angedanganyika." Nilitaka habari yake iishie pale.

Bakari akasimama. Alishika nguzo.

"Miye sikuona ganda," akasema. "Sikuona mwezi wa kweli wala wa uongo. Ilikuwa ukungu tu. Mwaka wa pili huu, kitu kikiwa mbali ni ukungu; mwaka jana niliunyoshea mwezi kidole kwa kubahatisha. Huyu Lukeba napita karibu yake sokoni simjui mpaka aseme. Usukani wa mtumbwi anashika mtoto wangu, miye nakaa mbele najifanya naonyesha njia. Siku ile muliniita Bakari, Bakari. Ningesema nini? Ningesema macho ya Bakari yamekwisha?" Akapumua. "Sasa nimesema."

Hakuna aliyecheka.

Mimi nilikuwa nalia, sioni haya kuandika. Wiki tano nimemwandika humu kuwa ananuna. Wiki tano mimi, fundi wa macho, mtu kipofu anapita mbele ya duka langu, na nilichoona ni kiburi chake. Kiburi kilikuwa changu.

Shehe Hadji akasimama mwisho. Sauti yake ilikuwa nzito lakini ya upole. Akasema siku ile tutailipa wote pamoja, Jumatatu, na yeye wa kwanza, maana alikuwa na macho yake na hakuyatumia. Kisha akasema: "Lukeba, Bakari. Mwakani ushahidi wenu wa mwezi hatutaupokea." Tukasema wote wawili, tumesikia.

Jumamosi, 10 Machi

Nimefungua duka. Hakuna aliyekuja.

Jumatatu, 12 Machi

Rumonge nzima imefunga. Soko limekuwa zito, hata Warundi wa milimani waliokuja na maharage wameuliza kuna msiba gani. Mwanamke mmoja, Asiya wa maandazi, kaniambia njiani, "Fundi, leo njaa yangu ni yako." Nimemwomba radhi. Nimeomba radhi mara nyingi leo, mpaka ulimi umechoka.

Magharibi Shehe Hadji amenitumia sahani ya uji na tende tatu. Hakutuma neno. Tumekula na Biasha sahani moja.

Jumatano, 14 Machi

Mteja mmoja alisimama mlangoni na saa yake, akafikiri, akaendelea. Jua kali baada ya mvua. Nimekaa namtazama Mzee Casimir mezani. Mkono wako ulikuwa na haya, mzee. Wangu ulikuwa na haraka. Pete nimeirudisha kama ulivyoiacha wewe. Kioo kilichobanduka sina cha kukibadilisha.

Alhamisi, 15 Machi

Saa tatu asubuhi amekuja Bakari, Zuwena amemshika mkono. Zuwena akamketisha kwenye kigoda changu, akasema ana samaki jikoni, akarudi nyumbani. Hakutaka kuona, nadhani aliogopa.

"Wanasema mukono wako unavunja vioo," Bakari akasema.

"Wanasema kweli."

"Basi nipimie polepole."

Nililitoa sanduku la vioo alilonirithisha Mgiriki, nikaanza. Hiki, au hiki? Hiki, au hiki? Nilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Jicho la kulia limechukua nusu saa, la kushoto zaidi. Nikavikata viwili, nikavisugua kingo, nikavitia kwenye fremu, na skrubu nikazikaza nikaziacha kabla ya mwisho. Nikavisukuma vioo kwa kidole kimoja, vikacheza kiasi cha unywele. Nikashukuru.

"Vaa sasa malineti yako," nikamwambia, nikampa miwani.

Aliyashika kwa mikono miwili, akayapeleka karibu na uso. Kisha akasita. Akayarudisha, akayakunja, akayafunga kwenye kitambaa, akatia kitambaa mfuko wa shati.

"Vipi? Hutaki kujaribu? Kama hayafai nitajuaje?"

"Yatafaa," akasema. "Ila nikivaa hapa, cha kwanza nitaona ni uso wako huo, Lukeba. Miaka miwili sijauona uso wa Zuwena vizuri. Acha nifike nyumbani."

Nilitaka kumsindikiza, akakataa, njia anaijua. Akatoka juani, mkono mmoja kwenye ukuta wa jirani, mkono mwingine juu ya mfuko, akaenda polepole kwa mke wake.